Mtafsiri Aliyeondoka Bila Kuaga

Niseme hili mwanzoni lisije likanikaba: yule mzee alikuwa muongo. Tena si muongo wa kubahatisha. Alikuwa muongo mwenye maiki na spika, na watu walilipa kiingilio kumsikiliza. Na mimi nilimpenda kuliko wajomba zangu wa damu, ambao ni wakweli sana na hawana lolote la kukuambia.

Mtaa mzima tulimwita Mtafsiri. Kazi yake ilikuwa kutafsiri muvi kwenye banda la video hapa Kariakoo. Kwa wasiowahi kuona, mambo yalikuwa hivi: muvi inakuja na Kiingereza chake, au Kichina, au Kihindi. Watazamaji wanajipanga kwenye mabenchi, na yeye anakaa nyuma ya pazia pembeni ya televisheni, maiki mkononi. Kila anayefungua mdomo mle ndani anaongea kwa sauti yake. Polisi wa Marekani ni yeye, mfalme wa China ni yeye, bibi harusi wa Bombay ni yeye. Hata mbwa akibweka alimtafutia la kusema.

Tulikaa nyumba moja, zile nyumba za zamani zenye korido katikati na vyumba kulia na kushoto. Chumba cha mama yangu kilitazamana na chake. Nimemjua tangu nakimbia korido ile bila viatu mpaka leo nina meza yangu ya vitenge na magoti yananiuma. Kwa hiyo ninachosema nakijua.

Kwa Mtafsiri hakukuwa na mtu duniani aliyekaa mbali na Dar. Polisi akitokea kwenye kioo, yeye anasema, "Huyu afande kahamishiwa Msimbazi juzi tu, hana masihara." Jambazi akikimbilia baharini, anasema, "Anataka kuvukia Magogoni, na leo pantoni mbovu, sasa tuone!" Watu wanapiga mabenchi. Mama wa Kihindi akilia kwa mwanawe, Mtafsiri anamlilia, "Nimekulea kwa mihogo ya kukaanga pale Buguruni, leo umevaa tai unanivimbia?" Mama yangu, ambaye alijua fika kwamba yule mwanamke hajawahi kuiona Buguruni, alifuta machozi kwa upindo wa khanga. Nikimwuliza unalia nini, ananiambia nimwache.

Lakini ole wako udanganye nje ya banda. Kuna kijana aliwahi kumwuzia mgeni kutoka Lindi simu ambayo ndani ya boksi ilikuwa kipande cha sabuni. Mchezo huo Kariakoo si mgeni. Mtafsiri alimfuata mpaka alipo, akamsimamia mbele ya watu.

"Wewe, unamwuzia mwenzio sabuni?"

Kijana naye mdomo wake mrefu. "Na wewe mzee jana ulisema yule Mzungu katoka Mbagala!"

Watu wakaangua kicheko. Mtafsiri hakucheka. Akamwambia, "Mteja wangu anajua namdanganya. Wako anajua?" Yule kijana akarudisha hela ya watu, huku amenuna. Hivyo ndivyo alivyokuwa, na sikuwahi kumwelewa vizuri.

Alikuwa na karafuu mdomoni asubuhi mpaka jioni, eti ya kulinda koo. Alikunywa maji ya uvuguvugu hata Dar ikiwa inachemka. Na mtu aliyetingisha banda zima mchana, nyumbani alikuwa kama hayupo. Unaweza kukaa naye uani saa nzima akakujibu kwa nyusi. Mama alikuwa anamtania, "Tukulipe kiingilio ndiyo useme?" Anatabasamu, anatema karafuu, anaweka nyingine.

Halafu kulikuwa na hili la kuaga. Mtafsiri haagi. Harusini, msibani, kwenye kahawa, popote: mnaongea, mnageuka, kigoda kitupu. Si kwamba amekasirika, hapana, kaondoka tu. Mama alisema, "Huyu ipo siku atakufa katikati ya salamu." Ukimbana alijibu, "Kuaga kunachosha. Ukisema naondoka, wanaanza kukuuliza unaenda wapi."

Mtu huyohuyo kwenye suala la hodi alikuwa hana mchezo. Sisi watoto tulizoea kusukuma pazia la mlango na kuingia. Kwake hujaribu. "Toka. Rudi nje. Anza upya." Unatoka, unasimama koridoni, unaita hodi. Ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu akitaka anajibu karibu, asipotaka unarudi ulikotoka. Siku moja nilimlalamikia kwamba alikuwepo ndani na alinisikia. Akaniambia, "Mwenye chumba ana haki ya kunyamaza. Hodi tatu, basi, unaondoka na heshima yako." Hata kwenye muvi aliwawekea watu hodi. Majambazi wanapiga mlango teke, mbao zinaruka, Mtafsiri anasema taratibu, "Hodi wenyewe?" Watu walikuwa wanakufa kwa kucheka.

Sasa nifike kwa Bhai, maana bila Bhai hakuna Mtafsiri.

Bhai alikuwa Mhindu wa mtaa wetu. Duka la kukodisha kanda za video lilikuwa la kwao. Mwembamba, shati jeupe la pasi, na viatu vyeusi alivyovisugua kila asubuhi mwenyewe, hata siku za mvua ambapo Kariakoo yote ni tope. Banda la video walilianzisha wawili, yeye na Mtafsiri. Na siri yao, ambayo mtaa mzima tuliijua, ni kwamba Mtafsiri hakujua Kiingereza. Kihindi ndiyo kabisa. Aliyejua ni Bhai. Lakini Bhai naye ukimpa maiki anakauka, anatamka maneno kama mtu anayesoma bili ya maji. Basi wakakaa wote nyuma ya pazia moja, mmoja kwenye kiti, mwingine kwenye kreti la soda. Bhai ananong'ona sikioni, Mtafsiri anaachia.

Niliwahi kuchungulia. Mtafsiri macho kwenye kioo, Bhai mdomo kwenye sikio lake. Kabla ya kusema, Mtafsiri alivuta pumzi ndefu puani, yenye mlio kidogo, na pumzi ile ikianza tu Bhai ananyamaza palepale, hata kama ni katikati ya neno. Hawakugongana hata mara moja. Nimeona ndoa nyingi mtaani, na sijaona watu wanaosikilizana vile.

Wakaachana hivi. Mtu mmoja mwenye pesa alifungua ukumbi mkubwa upande wa Gerezani, wenye pazia kubwa jeupe la kuonyeshea picha na feni juu. Akaitaka sauti. Sauti tu, Bhai hakumtaka, kwa sababu Bhai alikuwa hasikiki na huyo tajiri alidhani asiyesikika hana kazi. Mtafsiri akakubali. Na akafanya alivyozoea: akaondoka bila kuaga.

Jumamosi ile Bhai alifagia banda, akapanga mabenchi, akaweka kanda kwenye deki, akakaa kwenye kreti lake. Watu wakajaa, mama yangu akiwemo. Wakangoja. Halafu, kwa mbali, kutoka spika za ule ukumbi mpya, ikasikika sauti ya Mtafsiri ikiwakaribisha watu wa mtaa mwingine. Kila mtu bandani aliisikia. Mama anasema Bhai alihamia kwenye kile kiti, akashika maiki, akajaribu kutafsiri mwenyewe. Muvi nzima aliitafsiri sawasawa, neno kwa neno, bila kukosea, na watu wakamcheka. Walitoka mmojammoja kwenda kuifuata ile sauti. Mama alibaki mpaka mwisho, kwa huruma tu, kisha naye akaenda zake.

Baada ya hapo Bhai akafunga banda. Kanda zenyewe zikaja kufa, akageukia kuuza rimoti na nyaya za televisheni kwenye kiduka chake, mkabala na meza yangu kwa chini kidogo. Na kwa miaka mingi watu wale wawili walipishana mtaa mmoja bila salamu, mtaa ambao hata mliopelekana polisi mnaulizana habari za watoto.

Mama alimwuliza Mtafsiri mbele yangu, uani, akichambua mchicha. "Hivi ulishindwa nini kumuaga mwenzio?"

Mtafsiri aliizungusha chai yake kikombeni. Kisha akasema, "Ningeaga, nisingeondoka." Akainuka akaenda zake, na chai yake akaiacha.

Alipokuwa peke yake alijifunza kutafsiri nyuso. Mtu kakunja uso, mtukanishe. Mtu katoa macho, mpe siri ya familia. Ngumi na mateke havihitaji Kiingereza, na watu wa Kariakoo walitaka ngumi na mateke. Steringi anapigwa, steringi anainuka, steringi analipiza, tunaenda nyumbani. Ule ukumbi wa Gerezani ulikuja kugeuzwa ghala la vigae, naye akarudi kwenye banda dogo la kukodi hapa kwetu, sauti bado nzuri ila wateja wanapungua. Simu zilikuwa zinawachukua. Kijana anakaa kwenye mlango wa duka, anaangalia muvi kiganjani, shingo imepinda, anacheka peke yake.

Na walikuwa vijana haohao, wa maduka ya simu, waliomletea balaa.

"Mzee, tuletee ile ya kijana wa kompyuta. Imezoa tuzo dunia nzima. Ukiiweka hiyo tunajaa wote."

Ilikuwa muvi ya kijana mmoja Mzungu na rafiki yake, wanakaa chumba kimoja juu ya duka la dobi, wanatengeneza programu ya simu, programu inakuwa utajiri, na kijana anamtupa rafiki. Hayo nayajua sasa. Wakati ule yeye alisikia neno moja tu, kujaa. Akawaambia wangoje Jumamosi.

Akaja chumbani kwangu tuiangalie kwanza, kwa sababu nilifika kidato cha nne na alidhani Kiingereza changu kitatosha. Masikini. Tulikaa na mama, tukaangalia. Baada ya muda akaanza kuhangaika kwenye kiti.

"Hakuna hata mtu anayemsukuma mwenzie?"

"Bado, mjomba."

"Bastola?"

"Sijaiona."

"Sasa wanafanya nini?"

"Wanaongea."

"Mpaka mwisho?"

"Nadhani mpaka mwisho."

"Lahaula," akasema. Nyuso zenyewe hazikumsaidia. Watu wale walitukanana huku wanatabasamu. Waliumizana wakiwa wamekaa, mbele ya meza za vioo, na maneno yalikwenda mbio mpaka mimi nikawa naokota moja hapa, moja kule. Aliangalia tena kesho yake, na kesho yake tena. Kuna pahala, pale yule rafiki anaingia ofisini asubuhi na kukuta meza yake haipo, Mtafsiri aliinamisha kichwa. Pale hakuhitaji mtu wa kumwambia kinachosemwa.

Ijumaa nikamwona, nikiwa mezani kwangu, amevaa shati safi, amesimama ng'ambo ya duka la Bhai. Nikaacha kupima kitenge cha watu. Nasema moyoni, nenda, jamani, nenda, mtaa upana gani huo? Akasimama pale mpaka guta la magurudumu matatu lenye marobota likamtaka apishe. Akapisha, na alipomaliza kupisha akawa anarudi.

"Bhai yupo?" nikamwuliza akipita.

"Ana wateja," akasema.

Bhai alikuwa amekaa peke yake, anafuta rimoti kwa kitambaa. Nilimwona kwa macho yangu.

Jumamosi alasiri banda likajaa kweli. Vijana wa simu, mafundi, wabeba mizigo, mimi na mama tumepewa benchi la mbele kama kawaida. Taa zilipozimwa nikageuka nyuma kuangalia wingi wa watu, na kule mwisho, karibu na mlango, nikaona shati jeupe. Bhai. Kaja kufanya nini, sijui. Labda kaja kumwona mwenzie anaaibika, na asingekosea, maana mimi mwenyewe niliiona aibu inakuja. Pazia la Mtafsiri lilikuwa na tundu la kuchungulia wateja, kwa hiyo najua na yeye alimwona.

Mwanzo ukaenda vizuri. Vijana wawili chumbani, mmoja katoka Tandale, mwingine katoka Keko, kodi ya chumba imewaelemea. Watu wanacheka. Halafu zikaja zile meza za vioo. Maneno, maneno, maneno. Sauti ikaanza kupungua mwendo. "Anasema... mambo ya biashara yale. Na huyu anajibu... kwamba na yeye ana mambo yake." Mbinja zikaanza. "Tafsiri, bwana! Tumelipa!" Mtu akarusha ganda la karanga kwenye pazia. Mama akanishika mkono.

Kimya. Kwenye kioo wanaongea, kwenye spika hakuna kitu. Kisha ikasikika ile pumzi, ndefu, ya puani, safari hii kupitia maiki, banda zima.

"Hawa wawili," akasema, na haikuwa sauti ya steringi wala ya adui, ilikuwa sauti yake ya nyumbani, ambayo wengi mle walikuwa hawajawahi kuisikia, "hawa wawili walikuwa na pazia moja. Mmoja ana akili, mwingine ana mdomo. Mwenye akili anamnong'oneza mwenye mdomo. Watu wakipiga makofi, mwenye mdomo akadhani anapigiwa yeye."

Akaendelea hivyohivyo. Kila kilichotokea kwenye kioo akakifungia kwenye hadithi hiyo. Ile asubuhi ya meza iliyoondolewa, akasema, "Siku hiyo mwenzake alifagia, akapanga mabenchi, akangoja." Vijana wakaacha kupiga mbinja. Walidhani ndiyo muvi yenyewe. Mama yangu alikuwa ameinamisha kichwa, anajua. Mimi niliogopa kugeuka nyuma.

Mwishoni yule kijana tajiri anasimama mbele ya mlango wa rafiki yake, mvua inanyesha, simu sikioni. Midomo inacheza. Mtafsiri akasema, "Hodi."

Akangoja. Midomo ikacheza tena.

"Hodi."

Nakwambia hata wauza karanga waliacha kutembea.

"Hodi," ya tatu, kwa sauti ya chini sana.

Kioo kikawa cheusi, majina yakaanza kupanda. Halafu mchekeshaji mmoja wa benchi la katikati, Mungu amsamehe, akapaza sauti: "Hayupo huyo, kaenda kwao Ulaya!" Banda zima likapasuka kwa kicheko. Katikati ya kicheko kile nikageuka. Bhai alikuwa amesimama, anapangusa suruali yake vumbi la benchi. Akatoka.

Mtafsiri alipotokeza kwenye pazia aliangalia kule mlangoni.

"Kasema lolote?" akaniuliza.

"Hajasema, mjomba."

Akatikisa kichwa, akazima spika. Hakutafsiri tena. Vijana walikwenda kuwaambia wenzao kwamba ile muvi ni ya kulala tu, na mwezi uliofuata banda likawa duka la makava ya simu.

Kilichotokea mle ndani sikukielewa chote mpaka nilipokwenda kununua rimoti.

"Shikamoo, Bhai."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Bhai, ile muvi wewe uliisikia Kiingereza chake. Pale mlangoni yule kijana alisema nini hasa?"

Akafungua rimoti, akaangalia mahali pa betri. "Anaongea na wakili wake. Anamwambia, yule mwenzie asipate kitu. Anarudia. Asipate kitu chochote." Akafunga rimoti. "Hakuna hodi kwenye ile muvi. Hodi hawanayo hao."

Katika watu wote mle, ni yeye peke yake aliyejua kwamba yale maneno hayakuwa ya kwenye kioo.

"Basi si alikuwa anakuita wewe?"

"Mbele ya watu," akasema Bhai, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia akipandisha sauti. "Nyuma ya pazia, na maiki. Mimi nina mlango. Huu hapa. Aliona mlango siku ya Ijumaa, nilimwona, nikakaa nangoja kama mpumbavu. Akarudi." Akanipa chenji. "Rimoti hiyo usiiweke karibu na maji."

Koo la Mtafsiri lilianza kama mafua. Sauti ilianza kukwaruza, ikawa kunong'ona, na baada ya hospitali ikawa hakuna. Walimtoa walichomtoa, sauti ikaenda nacho. Na nyumba yetu nayo ikauzwa, ikabomolewa lijengwe ghorofa. Mimi na mama tukapata chumba Ilala, yeye akapata Buguruni, uani kwa watu, chumba cha mwisho kinachopakana na mashine ya kusaga. Nilikwenda kila nilipoweza na uji kwenye chupa. Anaandika kidogo kwa kidole hewani, au ananiangalia tu. Nilimlilia njiani kurudi, si mbele yake.

Nilimwambia Bhai. Nilimwelekeza mpaka rangi ya geti. Akaniuliza kama nataka waya wa mita moja au mbili. Nilimchukia siku ile, nisidanganye. Nilirudi mezani kwangu nikavuruga mikunjo ya vitenge vyote.

Mara ya mwisho ambayo nataka kuisema, mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa kwa sababu umeme ulikatika. Ndiyo maana tulisikia. Nilikuwa namkoroga uji, yeye amekaa kitandani ameegemea ukuta, mlango wazi, pazia limeshushwa. Chini ya pazia nikaona viatu. Vyeusi, vimesuguliwa, na tope la Buguruni pembeni.

"Hodi," ikasema sauti kavu ya mtu anayesoma bili ya maji.

Nikafungua mdomo nijibu. Mtafsiri akanidaka mkono. Sikujua kama bado ana nguvu zile. Akatikisa kichwa: usijibu. Akajinyoosha, akanyanyua mkono mwingine hadi mbele ya kinywa, vilevile alivyokuwa akishika maiki, na midomo yake ikatengeneza neno karibu, wazi kabisa. Haikutoka hata hewa.

"Hodi," ya pili.

Akajaribu tena. Mishipa ya shingo ilimsimama, machozi yanamtoka. Nikamnong'oneza, mjomba, niache nimjibie, tafadhali. Akanibana mkono zaidi. Alikuwa amewajibia watu wa dunia nzima, huyu alitaka kumjibu mwenyewe.

"Hodi."

Ya tatu. Viatu vikasimama. Nikawaza, sasa ataondoka na heshima yake, na mimi nitaishi na hili. Viatu vikageuka nusu. Mtafsiri akavuta pumzi ile ya puani, ndefu, yenye mlio, kwa mara nyingine.

Viatu vikatulia palepale.

"Karibu," akasema Bhai, huko huko nje, kwa sauti yake kavu. Kisha akafungua pazia akaingia.

Nilitafuta kiti, hakikuwepo, kulikuwa na ndoo. Akaigeuza akakaa, magoti juu, shati lake jeupe. Hawakushikana mikono. Walitazamana muda mrefu, na sikuona furaha yoyote, niliona wazee wawili waliochelewa. Mtafsiri akacheza midomo. Bhai akasogea, akaitazama.

"Anasema uji huu umezidi sukari," akaniambia.

Nikacheka, na kicheko kikanigeukia kilio, nikafuta uso kwa khanga kama mama. Mtafsiri akamgusa Bhai goti. Akaanza kusema tena, taratibu, jambo refu, midomo inatetemeka, anasimama, anaanza upya. Bhai alikuwa amemsogezea uso karibu kabisa, hapepesi macho. Ilipokwisha aliinama akaangalia viatu vyake.

"Anasemaje, Bhai?" nikauliza.

Alitoa leso, akafuta tope kwenye kiatu kimoja, kisha kingine, akaikunja vizuri akairudisha mfukoni.

"Hiyo ni yangu," akasema.